Kumchagulia Mama Mkwe Pikipiki ya Theluji

Ombi lilinifikia kwa njia ambayo maombi yote ya mama mkwe yalinifikia, yaani kwa kinywa cha mke wangu. Farasi wa mama alikuwa amekufa mwezi wa pili. Hakutaka farasi mwingine. Alitaka pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo huku Afrika Kusini huitwa kwadi, kama aliyoiona kwa mkulima wa ng'ambo ya bonde.

"Anasema wewe ndiye unayejua mashine," mke wangu aliniambia. "Na anasema usimnunulie takataka."

"Amesema takataka?"

"Amesema neno baya zaidi. Nimekutafsiria kwa adabu."

Ulikuwa mwaka wa tisa tangu tuhamie Johannesburg. Mke wangu alikimbilia Tanzania akiwa msichana, wakati wa ubaguzi wa rangi. Tulioana Morogoro, na mwaka 1994, wenzake waliporudi kwao, naye alirudi, nami nikamfuata. Tulipanga nyumba Turffontein, na mimi nilikuwa na chumba cha kazi Jeppestown, ambako nilitengeneza vyerehani vya mafundi nguo, wengi wao Wakongomani. Sikusomea ufundi shuleni. Nilichojua kuhusu mashine nilikipata kwenye vitabu vya maelekezo, na kwa kufungua vitu ambavyo wenye navyo waliogopa kuvifungua.

Mama mkwe aliishi peke yake milimani, karibu na mpaka wa Lesotho, juu kiasi kwamba hakuna mti unaoota. Wakati wa baridi theluji huanguka huko mara nne au tano, na mara nyingine hukaa chini wiki nzima. Alikuwa na kondoo sitini. Miezi ya baridi kondoo hao hukaa kwenye zizi la mawe, upande wa mlima unaopata jua, mwendo wa kilomita sita kutoka nyumbani kwake. Theluji ikifunika majani, lazima mtu awapelekee nyasi kavu, la sivyo wanakufa wamesimama. Kazi hiyo aliifanya na farasi tangu mume wake alipofariki.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyeweka sharti. Alisema mwezi wa sita atapanda mlimani na lori. Ikiwa mama hawezi kuwafikia kondoo kwa nguvu zake mwenyewe, atawauza wote, na mama atakuja kukaa nasi Turffontein, katika chumba cha nyuma. Hakusema hivyo kwa ukatili. Mwaka uliotangulia jirani alimkuta mama ameketi kwenye theluji kando ya farasi, akisubiri nguvu zimrudie. Mtoto gani angelala usingizi baada ya hapo?

Lakini mama mwenyewe alishamwambia binti yake kwamba amewaona wanawake waliohamishiwa Johannesburg na watoto wao. Wanakaa getini, alisema, wakijifunza majina ya mbwa wa watu wengine. Yeye hataki.

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo ninachotakiwa kununua. Ile pikipiki ingemwacha mama kwake au ingemleta kwetu.

Nilianza kama ninavyoanza kila kazi, kwa daftari. Theluji sikuwa nimewahi kuishika. Nilikwenda maktaba ya jiji Jumamosi tatu mfululizo, nikasoma kila kilichokuwepo kuhusu injini ndogo, baridi na milima. Nilijifunza kwamba hewa nyembamba ya juu huifanya injini inywe mafuta mengi kupita kiasi, kwa hiyo kabureta hudai jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, iliyo ndogo zaidi. Nilijifunza kwamba oili nzito hugeuka kama uji uliolala, na kwamba zile pikipiki zinazotumia mkanda badala ya gia huteleza mkanda ukilowa. Nikaandika: gia za mguu, bila klachi ya mkono, kwa sababu mama hajawahi kushika klachi. Magurudumu yote manne yavute. Shafti, si cheni, maana cheni hukusanya barafu. Stata ya umeme, na pia kamba ya kuvuta, betri ikigoma. Maswali yalifika arobaini.

Matatu kati yake yalimhusu mama, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Nilivyolelewa Tabora, mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hali naye, hampi mkono, hakai alipokalia. Nikimwona njiani nilitakiwa nipishe. Watu wa mke wangu nao wana heshima yao inayofanana na hiyo. Nilipofika kwake mama alijifunika blanketi kutoka mabegani hadi magotini, akazungumza nami huku akiutazama mwimo wa mlango. Mimi nilichuchumaa mbali kidogo nikaitika nikiangalia sakafu. Aliniita mkhwenyana, yaani mkwe, na tulipatana vizuri sana. Katika miaka tisa hatukuwahi kukwaruzana hata mara moja.

"Mama ana urefu gani?" nilimuuliza mke wangu, kalamu mkononi.

"Miaka tisa unamjua, hujamwona?"

"Navijua viatu vyake."

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akasimama ukutani akaweka kiganja chini kidogo ya jicho lake. "Hapa. Na uzito wake usiniulize, andika mnene wa wastani."

"Miguu yake je? Magoti yanakunjika?"

"Amepanda farasi hadi juzi, baba watoto. Yanakunjika."

Niliandika: urefu, uzito, magoti. Nikaona sehemu hiyo imekamilika.

Katika kutafuta nilifuatana na rafiki yangu, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi pikipiki ambaye karakana yake ilipakana na chumba changu Jeppestown. Alikuwa hodari kuliko mimi na hakuandika chochote.

Ya kwanza tuliiona nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, karibu na kwangu. Nyekundu, imepigwa rangi mpya, kiti kipya. Muuzaji alikuwa anatusubiri akitabasamu. Rafiki yangu hakumsalimia kwanza, aliweka kiganja ubavuni mwa injini.

"Iko moto, profesa," aliniambia kwa Kiswahili chetu, ambacho muuzaji hakukielewa. "Huyu aliichemusha mbele tufike. Asubuhi, ikiwa baridi, hii mashini haiwakake."

Nilimwomba muuzaji turudi kesho asubuhi na mapema, asiiguse. Akasema kesho yuko na shughuli. Tukaaga.

Ya pili ilitoka kwa watu waliokodisha kwadi kwa watalii wanaocheza mchangani. Nilishika gurudumu la mbele juu na chini nikalitikisa, likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Chini ya fremu palikuwa na ufa uliochomelewa na kupakwa rangi. Ya tatu oili yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Ya nne ilikuwa nzuri lakini ya mashindano, nyepesi na ya kuvutwa na magurudumu mawili tu, ya kumrusha mama mtoni.

Ya tano ilikuwa kwenye shamba kusini mwa jiji. Ilikuwa ya kijani iliyopauka, ya kazi, na chuma cha kubebea mizigo mbele na nyuma. Mwenye nayo, mzee wa Kizungu aliyekuwa akiuza vifaa vyake vyote ahamie kwa binti yake pwani, alituachia funguo akarudi ndani kunywa kahawa. Injini ilikuwa baridi. Nilivuta choki, nikaiwasha, ikashika mara ya pili. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna. Nilifungua kisafisha hewa, nikatoa plagi nikaiangalia rangi, nikalala chini nikapapasa mpira wa kila kiungo. Nilitumia saa mbili na nusu.

"Profesa," rafiki yangu aliita kutoka kivulini, "unanunua mashini ama unaioa?"

"Namnunulia mama mkwe."

"Basi unaiolea familia yote. Endelea."

Tuliinunua. Kwa wiki tatu niliifanyia kazi jioni, nikabadilisha jeti, oili na pedi za breki. Kisha tukaenda kuijaribu kwenye vilima vya mchanga wa migodi, ambako vijana wa kusini mwa jiji huchezea pikipiki. Kabla ya kupanda nilitandika gunia safi juu ya kiti.

"Unafunika kiti juu ya nini?" aliuliza, akimaanisha kwa nini.

"Atakalia yeye."

"Kwetu pia tunaheshimiaka bamama wakwe," alisema. "Lakini hatuwatandikiake hewa."

Nilifunga mifuko ya saruji na mchanga kwenye chuma cha nyuma kwa uzito wa marobota mawili ya nyasi, nikapanda mteremko, nikasimama katikati, nikaanza tena. Gurudumu halikuteleza. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, na nakumbuka nilifunga daftari nikaliweka rafu ya juu.

Mwezi wa sita mimi na mke wangu tuliipakia kwenye pikapu ya kuazima tukaenda. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili kabla. Nilipoikanyaga mara ya kwanza ilitoa sauti kama unga wa muhogo unapobanwa ndani ya mfuko. Shemeji alikuwa ametutangulia. Lori lake la kondoo aliliacha chini kwenye barabara ya lami, akapanda kwa miguu, na alikuwa uani amevaa koti kubwa. Kondoo walikuwa na siku mbili bila kula.

"Sbali," alinisalimia, yaani shemeji. "Umeleta gari la mwezini."

Mama alitoka amejifunga blanketi lake, akaizunguka pikipiki mara moja. Nilichuchumaa pembeni nikampa mke wangu maelezo, naye akampa mama. Mama alipanda bila msaada, kama mtu anayepanda farasi. Akatia gia ya kwanza kwa mguu vizuri. Pikipiki ikaenda kama mita thelathini, ikapunguza mwendo, ikabaki inanguruma mahali pamoja.

Akajaribu tena. Mita kumi.

Nilikimbilia kabureta. Nilifikiri jeti, nikafikiri maji kwenye mafuta, nikafikiri barafu kwenye waya wa mafuta. Nilifungua, nikafuta, nikafunga. Nikapanda mwenyewe, bila gunia safari hii kwa sababu sikuwa na nafasi ya kulitafuta, nikazunguka ua mara tatu. Ilivuta kama ng'ombe. Nikashuka. Mama akapanda, akaenda mita ishirini, ikapungua nguvu.

"Inatosha," shemeji alisema, si kwa ukali. "Mama, shuka. Nitawaleta kondoo mimi na watu wa lori, na kesho tunaondoka."

Mama hakushuka. Alijaribu tena, na safari hii nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimtazama. Blanketi lilikuwa limesogea kwenye bega, na mkono wake wa kulia ulikuwa nje. Kwenye kwadi mafuta huongezwa kwa wenzo mdogo unaosukumwa kwa kidole gumba, na unatakiwa usukumwe bila kuachia muda wote unapokwenda. Mama alikuwa anausukuma kwa kisigino cha kiganja, mkono mzima umepinda, na kila pikipiki iliporuka kidogo kiganja kilitoka.

Nilisimama pale nikiwa najua ninachotakiwa kuuliza, na nikiwa najua pia shemeji amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikiuliza, ataona mkono ulivyo. Nisipouliza, atashinda.

Nilimwendea. Sikuchuchumaa. Kwa Kixhosa changu cha kuokoteza nilimwambia, "Mama, naomba nione mkono wako."

Mama alinitazama usoni, nami nikamtazama. Macho yake yalikuwa ya rangi ya kahawia isiyokolea, kama ya mke wangu. Kisha akanyoosha mkono.

Niliushika. Kiungo cha chini cha kidole gumba kilikuwa kimevimba kama kifundo cha mwanzi, na kidole chenyewe kimelala ndani ya kiganja. Nilijaribu kukinyoosha taratibu, kikaenda upana wa kucha moja kikakwama. Ilikuwa miaka arobaini ya kunyoa kondoo kwa mkasi wa mkono, ule mkubwa wa chuma unaobanwa kwa kiganja. Kwenye jua, mama alisema, hufunguka kidogo. Kwenye baridi hakifunguki.

"Ulijua?" shemeji alimuuliza mke wangu.

"Nilijua mikono inamuuma. Huku nani mikono haimuumi?"

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia wewe?" mama alisema. "Ungekuja na lori mwezi wa tatu."

Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza alizungumza nami bila kuuzungumzisha mlango. "Binti yangu aliniambia umeandika maswali arobaini. Mkono wangu haukupata hata moja?"

"Niliogopa kukukosea heshima, mama."

"Hm," alisema. "Na mimi nilikuwa nauficha. Basi tumesaidiana kuharibu."

Nilimwomba abane vidole vyangu viwili kwa vidole vyake vinne. Alibana hadi nikauma meno. Vidole vilivyobana mkasi miaka yote hiyo vilikuwa na nguvu kuliko vyangu. Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa ya spana. Nililegeza kibano cha wenzo wa mafuta, nikakizungusha kwenye usukani hadi wenzo ukawa upande wa mbele, chini kidogo ya wenzo wa breki, ili badala ya kusukumwa kwa gumba uvutwe kwa vidole. Wenzo wa breki nikausogeza juu. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi kidogo, nikaufungua kwenye vishikizo vyake viwili nikaupitisha njia nyingine. Kazi ya dakika ishirini katika karakana ilinichukua saa nzima, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na mke wangu aliniletea beseni la maji ya moto mara mbili. Nilipomaliza nilikaza waya, nikaachia wenzo mara thelathini kuhakikisha unarudi wenyewe kila mara. Mashine ya namna hiyo wenzo ukikwama humuua mtu.

Mama alipanda. Alizunguka ua mara moja, polepole, akiisikiliza. Mara ya pili alitoka na kwenda hadi kwenye jiwe la mpakani, akageuka, akarudi akasimama mbele ya mwanawe.

"Pakia nyasi," alimwambia.

Shemeji alipakia marobota mawili nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye umbo kubwa kama lake. Akapanda juu ya marobota, mgongo kwa mgongo na mama yake, miguu ikining'inia.

"Lazima nione mwenyewe," alituambia.

"Unaongeza mzigo," mama alisema.

"Ndiyo. Tuone."

Waliteremka bondeni wakavuka kijito. Tuliiona pikipiki ikipanda upande wa pili, ndogo na nyeusi kwenye weupe, ikisimama mara moja mahali penye mwinuko mkali, kisha ikiendelea. Tulikaa jikoni. Mke wangu alipika chai mara mbili na mara zote mbili hatukuinywa. Nilihesabu mwendo kichwani: kilomita sita, mwendo wa kutembea kwa haraka, kufungua nyasi, kurudi. Walichelewa kuliko hesabu yangu kwa nusu saa, na katika nusu saa hiyo nilikagua upya kila nati niliyoikaza.

Walirudi mama akiendesha, shemeji akitembea nyuma. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Tukirudi alinishusha kijitoni," alisema. "Aliniambia nisukume, halafu akaniacha."

"Kondoo?" mke wangu aliuliza.

"Hamsini na tisa. Mmoja amekufa." Alikaa kwenye ngazi akaanza kuvua viatu. Alikuwa na njia ya kufikiri kwa kukunja uso, na aliukunja muda mrefu. "Nachukua ishirini," alimwambia mama yake hatimaye. "Arobaini kasoro mmoja unaweza kuwalisha kwa safari moja kwa siku. Sitini ni safari mbili, na safari ya pili itakukuta jua limeshuka."

"Kumi," mama alisema.

"Ishirini, mama. Na kila mwezi wa tano sbali atapanda kuja kuikagua mashine, na mkono. Mkono ukizidi, tunazungumza upya."

Mama alifikiri. Alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, injini imezimwa, vidole vinne vikiwa juu ya wenzo. Kondoo ishirini kwake hawakuwa kitu kidogo. Kila kondoo alimjua hadi jike aliyemzaa.

"Mashine aikague," alisema. "Mkono nitamwonyesha yeye. Wewe hapana."

Nilipanda mlimani kila mwezi wa tano miaka minne iliyofuata. Nilibadilisha oili, nilikaza waya, kisha nikampa mama vidole vyangu viwili abane, na nikamwandikia shemeji barua fupi kueleza hali ya mashine na ya mkono. Sikuwahi kuandika uongo katika barua hizo. Mwaka wa nne vidole vyake vilibana kama kawaida, na tulipomaliza mama aliniambia nimshikie ngazi, anataka kupanda mwenyewe kuangalia bati la paa.